Jina Lililoondolewa Bila Hodi

Historia ya marehemu Gédéon Musafiri, iliyosomwa na mdogo wake Sifa kwenye kilio, Kindu, tarehe 13 Agosti 2024

Baba na mama zetu, majirani wa barabara hii, wachungaji, mashehe wa upande wa wakwe zetu wa Lokandu, wafanyakazi wa Bustani ya Majaribio, na wewe Profesa Louis uliyeshuka kwenye ndege asubuhi na kupewa kiti cha mbele, mimi naitwa Sifa, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenituma nisome maisha ya kaka yangu kabla hatujampeleka makaburini. Wajomba walitaka asome mtu mwenye sauti ya upole, wakamtafuta, wakamkosa, wakanirudia mimi. Nimewaahidi kwamba nitafuata utaratibu, yaani kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kifo, na nitaufuata, lakini sikuahidi kwamba sitakasirika.

Marehemu Gédéon Musafiri alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, si hospitalini wala nyumbani, bali njiani kati ya Pangi na Kalima, mama yetu akiwa anamfuata baba aliyekuwa amepata kazi kwenye machimbo ya bati, ndiyo maana akaitwa Musafiri. Jina la Gédéon alilipata kwenye ubatizo, Kalima, Pasaka ya mwaka uliofuata. Mwaka 1972, Serikali ilipotangaza redioni kwamba majina ya ubatizo yamefutwa, alikuwa mwanafunzi, akaandikwa Musafiri peke yake, lakini mama aliendelea kumwita Gédéon kwa sauti kubwa, uani, mpaka majirani wakaogopa, akisema kwamba hiyo redio hakuiona kanisani siku mtoto wake alipobatizwa. Mtu huyu alijua tangu ujana wake maana ya kuondolewa jina na watu ambao hawakufika kwenu kubisha hodi.

Alisoma shule ya msingi Kalima, kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, kisha akaletwa hapa Kindu kwa masomo ya sekondari, masomo ambayo yalikatizwa na vita vya mwaka 1964, tukakimbilia msituni nyuma ya Pangi na wazazi wetu, na huko ndiko alikopata tabia ya kuuliza jina la kila mti, hata tukiwa tunakimbia, hata risasi zikiwa zinasikika ng'ambo ya kijito, mpaka siku moja baba akamshika mkono akamwambia: "Wee mutoto, kimbia kwanza, jina ya muti utaiuliza kesho." Alimaliza sekondari mwaka 1970, akaenda Kisangani kusoma kilimo na elimu ya mimea, akapata shahada yake Julai 1973. Huko ndiko alikokutana na Profesa Louis, ambaye wakati huo hakuwa profesa, alikuwa kijana mwembamba aliyekuwa akila kwenye sahani moja na kaka yangu.

Tarehe 1 Oktoba 1973 aliajiriwa katika Bustani ya Majaribio, Mikelenge, hapa Kindu, na kazi hiyo aliifanya hadi alipostaafu mwaka 2015, akipitia serikali zote na vita vyote mnavyovijua. Wengi wenu mlimwona akiwa amebeba magazeti ya zamani mkamcheka kwamba anasoma habari zilizooza, kumbe magazeti yale ni ya kukaushia majani na maua, tawi linalazwa katikati, linabanwa kwa mbao mbili, linakauka, kisha linapewa jina lake, mahali lilipotoka na tarehe. Alikuwa mkali sana juu ya majina. Mtu akisema "ule muti kule nyuma", alimsimamisha hapo hapo amweleze ni mti gani.

Tarehe 24 Julai 1976 alifunga ndoa na Aziza binti Soudi wa Lokandu, ambaye mnamwona hapa mkekani, binti wa Mzee Soudi aliyekuwa akiuza vitambaa na samaki wa kukaushwa kando ya mto. Pande zote mbili zilisema maneno mengi kuhusu dini, sisi wa kanisa, wao wa msikiti, ikachukua msimu mzima wa mvua, mwisho ikakubalika kwamba kila mtu atasali kwake na sahani itakuwa moja. Mungu aliwajalia watoto watatu, Soudi aliyezaliwa mwaka 1977, Malaika aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1979, na Déborah aliyezaliwa mwaka 1983.

Hapo kwenye watoto lazima nisimame kidogo, kwa ajili ya wageni. Sisi tukimpa mtoto jina la mtu, mtoto yule na mwenye jina wanaitana majina, kama wengine wanavyoitana somo, na ule ni udugu wa kweli, mwenye jina analeta kitambaa cha kwanza, anaambiwa mtoto akiugua, anapewa heshima ya mzazi. Mzee Soudi akifika hapa kutoka Lokandu hakuwa akisalimia mtu mwingine yeyote, alikuwa anasimama mlangoni na kapu lake na kuuliza: "Majina yangu iko wapi? Nimemuletea samaki yake." Na ikitokea kwamba nyumba inataka kuliondoa jina lile, kwa ugomvi au kwa sababu nyingine, hawaliondoi kimya kimya. Yule aliyelitoa anakwenda, anabisha hodi, mkeka unatandikwa, anasema uso kwa uso kwa nini jina linaondoka. Hata watu wanaochukiana hufanya hivyo.

Malaika wetu alifariki Februari 1997, akiwa na umri wa miaka kumi na saba, akiwa mwaka wa tano wa sekondari. Askari waliokuwa wakishindwa vita walikuwa wakipora mji nyumba kwa nyumba, watu wakajaa mtoni kutafuta kuvuka, mtumbwi ukapakiwa kupita kiasi, ukapinduka, mama yake akabaki ameshika upande wa kikwembe, kitenge cha binti yake, na mkononi hakuna mtu. Hatukumpata. Tulimlilia bila mwili, na mpaka leo hana kaburi ambalo mtu anaweza kwenda kulifagia.

Sasa nauleta mti. Nyuma ya bustani, kwenye kichaka kilichoachwa tangu Wabelgiji walipoondoka, kulikuwa na mti mrefu wenye gome la kijivu, maua madogo meupe, na matunda meusi yanayokaribia zambarau, na kaka yangu alitambua kwamba ni wa jamii ya mizeituni. Mzee Soudi, aliyezijua zeituni kwenye Kitabu tu, aliomba aonje tunda moja, akalitema, akasema: "Kama hii njo zeituni, basi mimi njo Mubelgiji." Mwaka 1994 Gédéon alikausha matawi yenye maua na matunda, akayatuma Kinshasa kwa Profesa Louis. Mwishoni mwa mwaka 1997, miezi kumi hivi baada ya msiba, Profesa alikuja mwenyewe, akautazama mti, akasema kwamba sayansi haiujui, kwamba ni mti wa msitu wetu wa Kongo ambao haujapata jina, na yeye atautangaza. Akamwambia kaka yangu ataje jina. Gédéon hakufikiri, alisema Malaika.

Juni 1998 jina likatoka, limechapishwa, Chionanthus malaikae, na baada yake jina la Profesa, kwa sababu ndiyo kawaida yao, anayeutangaza mti jina lake linafuata. Sisi tulielewa jambo lile kwa akili zetu za hapa. Mtoto asiye na kaburi amepata majina. Julai tulichinja mbuzi, mkeka ukatandikwa chini ya mti, wifi yangu Aziza akaufunga mti kikwembe kipya kiunoni, Gédéon akapigilia kibao chenye jina. Profesa Louis, ulikuwepo. Ulikaa kwenye mkeka, ulikula, mimi ndiye niliyekumiminia maji ya kunawa, tukakueleza majina ni kitu gani, ukatikisa kichwa ukasema ni desturi nzuri sana. Kwa hiyo leo mtu asiniambie kwamba hukujua.

Tangu mwaka ule, kila tarehe 9 Septemba, Aziza alikuwa anakwenda na kikwembe kipya. Déborah alipojifungua binti, mwaka 2008, alitaka kumwita Malaika, mama yake akakataa, akasema jina lile limekwisha kupewa mti, haliwezi kuombwa tena kwa mwenyewe. Ndiyo sababu mjukuu wetu anaitwa Princesse.

Vita vilikuwa vimerudi mwaka ule ule wa 1998, na mwaka 2002 mji ukazungukwa kabisa. Mnaokumbuka mnakumbuka, wanawake waliokwenda shambani hawakurudi, hakuna makaa, hakuna kuni, watu walipikia milango yao. Miti ya bustani ilikatwa yote, na kichaka cha nyuma kikafyekwa mpaka udongo ukaonekana. Askari watatu walifika kwenye mti wa Malaika na mashoka, wakamkuta Aziza amekaa chini yake, mgongo kwenye kikwembe. Mmoja akamwambia: "Mama, watu wanakosa moto ya kupikia, na wewe unalinda muti?" Akajibu: "Haiko muti tu. Iko na jina. Anaitwa Malaika, njo mutoto yangu. Kama unakata, anza na miye." Yule askari alikuwa kijana, alimtazama sana, kisha akawaambia wenzake waende kwingine. Mimi nilikuwa pale, nyuma ya mti. Mwanamke huyu alijiweka mbele ya mashoka kwa ajili ya jina ambalo watu wa vitabu walikuja kulifuta wakiwa wamekaa kwenye viti.

Kwa maana kichaka kilipofyekwa, kaka yangu aliona kitu. Kwenye udongo mtupu kulikuwa na visiki vinavyochipua, majani yale yale, maua yale yale, vimepangwa kwenye mstari ulionyooka, nafasi sawa kati ya kimoja na kingine, na mti wa Malaika ulikuwa mwisho wa mstari. Msitu haupandi kwa kamba. Mtu aliipanda ile miti. Alirudi nyumbani siku ile hakula, nikadhani ni njaa ya vita imemfunga tumbo. Alitafuta kwa miaka, akalinganisha ua na ua, tunda na tunda, na mwaka 2009 akawa hana shaka tena kwamba mti ule ni mgeni, nyumbani kwake ni Asia, kuanzia India mpaka visiwa vya mbali, mbegu zake zililetwa na mabwana shamba wa ukoloni, na kule kwao ulikwisha kupewa jina, Chionanthus ramiflorus, karibu miaka mia mbili iliyopita. Hata huko Asia kwenyewe umepewa majina mengine mengi, kila mtaalamu akijidhani wa kwanza, na yote yamewekwa chini ya lile la kwanza. Kwa sheria yao, jina lililotangulia kutangazwa vizuri ndilo linalotawala.

Gédéon alimwandikia Profesa, akamtumia matawi. Akajibiwa aache kusumbua, jina limeshatoka. Akaandika tena. Na hapa, kaka, ingawa umelala mbele yetu, nitasema, nilikukasirikia na bado nakukasirikia, kwa sababu mkeo hukumwambia. Ulikuwa na sababu, naijua, ulisema aliyelitoa jina ndiye anayepaswa kuja kuliondoa, si wewe, kwa hiyo ulimngoja Profesa aje abishe hodi. Ulimngoja miaka saba. Ulifikiri kwamba mtu aliyekula mbuzi wetu atakumbuka mkeka aliokalia. Ni kosa la mtu aliyelelewa hapa, huko mjini kwao lisingempata mtu.

Profesa hakuja. Mwaka 2016 alichapisha masahihisho, peke yake, kana kwamba ni macho yake yaliyoona visiki, jina la Gédéon Musafiri halimo hata kwenye shukrani. Kisha wakatumwa vijana wawili wenye nyundo, wakang'oa kibao cha Malaika, wakaweka kingine chenye jina la Asia. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Septemba. Tarehe tisa wifi yangu alifika na kikwembe chake mkononi, akasoma, akasoma tena, akarudi barabara nzima bila kujibu salamu. Alipofika mlangoni alisema neno moja tu: "Mutoto yangu wamemuzamisha mara ya pili." Ndipo Gédéon akamweleza yote, siku ile ile, na nyumba ile ikanyamaza kwa muda mrefu sana. Walikula pamoja, walilala chini ya paa moja, lakini mimi niliyeingia na kutoka najua kimya kile kilikuwaje. Mtoto hakuwa na kaburi, mjukuu alinyimwa jina, na sasa mti nao umenyang'anywa. Jina la Malaika lilikuwa halikai popote.

Mwaka 2018 marehemu alianza kusumbuliwa na sukari. Mwaka jana kidonda kilitokea mguuni, Mei mwaka huu akalazwa hapa mjini, mguu ukakatwa, kisha figo zikachoka. Wiki yake ya mwisho nilikuwa na zamu ya kumuuguza, na hasira zangu nilikuwa nimeziacha nje ya mlango wa hospitali, lakini akaziita mwenyewe. Aliniambia: "Sifa, ile muti haiko yetu, siwezi kudanganya juu ya muti. Jina ya kwanza njo inabaki juu. Lakini ya Malaika haikutupwa." Nikamwambia alale. Akasema: "Sikia. Jina ikiwekwa chini, inabaki imeandikwa, chini ya jina ya mukubwa, siku zote. Na hakuna mutu hata mumoja mu dunia atakamata ile jina apatie muti ingine ya ile ukoo. Iko ya Malaika. Wangekuja kumuambia mama yake hivi tu." Alimwita Aziza akamwambia maneno hayo hayo, na wifi yangu alimshika mkono, mkono ule ambao sikuwa nimemwona akiushika tangu mwaka 2016. Alifariki Jumapili, tarehe 11 Agosti 2024, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Ameacha mjane, watoto wawili, na wajukuu sita.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliokesha naye umeme ulipokatika. Nawashukuru majirani wa barabara hii waliotuletea maji, makaa na viti, wachungaji na mashehe walioombea maiti mmoja bila kugombana, na wafanyakazi wenzake wa bustani waliochimba kaburi kwa mikono yao. Asanteni kwa kusimama nasi.

Wewe nawe, Profesa Louis, nakushukuru kwa kufika, na sikushukuru kwa kingine. Ndege yako ni kesho, nimeuliza. Tukitoka makaburini, kabla ya chakula, utakwenda na sisi nyuma ya bustani. Mkeka umetandikwa chini ya mti tangu asubuhi, na wifi yangu Aziza atakuwa amekaa juu yake. Utabisha hodi. Utamwambia mwenyewe, uso kwa uso, kwamba jina limewekwa chini ya jina la mkubwa wake, na kwa nini, na ni nani aliyeona visiki. Halafu utapigilia kibao hiki kilichofunikwa kikwembe hapa kando ya jeneza, alichoagiza marehemu, chenye jina la Asia juu, na chini yake Chionanthus malaikae, na baada ya jina la binti yetu jina lako wewe, kama sheria yenu inavyotaka. Mliungana siku ile, mtabaki mmeungana, kila atakayesoma ataona ni nani aliyemtangaza na ni nani aliyekosea. Nyundo ninayo mimi.

Kaka Gédéon, mwana wa njiani, umefika sasa, lala kwa amani. Hodi uliyokuwa ukiingoja, mkeo ataisikia leo.